Dakika Tatu kwa India

Mimi nilishika saa.
Saa ya Mwalimu Mlingi, mkanda umekatika,
na kengele ya baiskeli iliyofungwa kwa waya pembeni ya meza.
Dakika tatu kila mmoja, alisema. Usimwonee mtu haya.

Ubaoni, chaki ya kijani, nyeupe iliisha Jumanne:
INDIA IBADILI SERIKALI, JAMII NA UCHUMI WAKE.
Kidato cha sita, Moshi, Ijumaa mchana,
maharage bado mazito tumboni,
mvua inapapasa bati kama mtu anayetafuta kitasa.

Ndewirwa kasimama wa kwanza, upande wa kuunga mkono,
shati limechomekwa, sauti ya mtu aliyekwisha apishwa.
"Mheshimiwa Mwenyekiti! Karani kalalia ombi la mjane
mpaka ombi limezeeka kuliko mjane!"
Tukapiga meza.
Ndewirwa hajamwona karani wa India.
Kamsindikiza mama yake ofisi ya ardhi
mara saba, benchi lilelile.

Kengele.

Aikande akapinga. Hana karatasi, ana kidole.
"Nani katupa sisi kalamu nyekundu
tusahihishe daftari la jirani,
na letu tumelikalia?"

Kengele. Hata dakika mbili hakufika,
lakini alikwisha kukaa.

Senkondo, uchumi. Anasoma, hainui macho:
mkulima wa kule hukopa mbegu, hukopa mbolea,
mvua ikigoma hukopa chakula,
mwishowe anakopa usingizi, na nao una riba.
Hapo nikapotea na saa mkononi.
Nikaona kopo la siagi kabatini kwetu Kibosho,
stakabadhi za kahawa za baba, msimu juu ya msimu,
karatasi laini kama kitambaa kwa kufunguliwa.
Malipo ya pili, zinasema. Malipo ya pili yanakuja.

"Saa!" wakapiga kelele. Nikagonga kengele.

Sifaeli akaja na jamii, akaja na moto:
"Mtu azaliwe chini, aolewe chini, azikwe chini,
kwa sababu ya jina la babu yake? Karne hii?"
Aibu! Aibu! ukumbi mzima.
Ndipo sauti ya nyuma, haikusimama, haikuomba nafasi:
"Kwetu mlimani pia kuna ukoo hatuoi."

Mvua tu.
Sikujua kama huo ni muda wa kuhesabu.

Na kama maji yanavyojua bonde,
macho yote yakateremkia kiti cha tatu, dirishani.
"Jignasha, tuambie wewe. Kwenu ikoje?"

Alikunja sketi, akasimama.
"Kwetu ni Mtaa wa Rindi.
Babu yangu kazaliwa juu ya duka la misumari.
India naijua kwa kalenda,
ile tunayoletewa na wakala wa mabati.
Nikisema kwetu maji yamekatika, ni haya ya kwenu."

Kicheko. Yeye hakucheka.

"Lakini mmeuliza.
Mama Kundaeli anatupikia mwaka wa ishirini na sita.
Kikombe chake hakiingii kabatini.
Kinaning'inia nje, mlango wa uani,
kwenye msumari wake peke yake.
Msumari wa dukani kwetu, inchi tatu.
Mimi nimekunywa chai asubuhi zote hizo
nikikitazama.
Sasa badilisheni India."

Dakika tatu zikapita. Nne.
Kengele ilikuwa chini ya kiganja changu, baridi,
na nikaiacha hapo.

Kura: thelathini na moja, ishirini na tisa.
Hoja imepita, akatangaza Mwenyekiti,
tukatoka kugombea miavuli.

Jumatatu, kwenye bomba, nikamuuliza. Kikombe?
"Nimekiingiza ndani," akasema, anajaza chupa.
"Bibi amekitoa."
Akafunga kifuniko, akakikaza.
"Nimekiingiza."